Pembe Isiyo na Namba

Fintan Mulqueen aliigusa ile pembe kwenye skrini kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine haikumjibu kitu. Mashamba mengine yote ya Carrowkeale yalikuwa na adabu. Ukiligusa moja, linajizungushia mstari mwekundu na kukupa namba ya hati, na ukilipia ada unapewa na jina la mwenyewe. Shamba la marehemu baba yake lilijibu. La jirani yao Bi Attracta Gavaghan lilijibu. Hata kile kinamasi cha nyuma ya kanisa, ambacho kondoo wenyewe hukikimbia, kilikuwa na namba yake. Lakini kipande kile kilichokaa baina ya shamba lao na barabara ya lami, kipande cha mawe na miiba mitupu ambacho tangu utoto wake kiliitwa Pembeni basi, kilibaki cheupe kama pengo la jino.

Na hicho ndicho alichokihitaji. Alikuwa amerudi kwao, kaunti ya Mayo nchini Ireland, baada ya kuchoka na Manchester, yeye na mkewe Gráinne, na walitaka kujenga kando ya nyumba ya mama yake. Mama yake, Nonie, alishavuka themanini, na daktari alishaanza kutaja nyumba ya wazee kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko kelele. Baraza la kaunti lilikuwa limekubali ramani ya nyumba kwa sharti moja, kwamba njia ya kuingilia ipite mahali ambapo dereva anaona barabara kulia na kushoto. Mahali hapo palikuwa Pembeni peke yake. Bila Pembeni hakuna nyumba, na bila nyumba mama angeondolewa kwenye jiko lake na kukalishwa kwenye chumba chenye kengele ukutani.

Wakili wake wa mjini, Bi Costigan, alimweleza vizuri, tena polepole. Alisema ile ramani haionyeshi ardhi yote, inaonyesha ardhi iliyoandikishwa. Zamani wapangaji walipouziwa mashamba na mabwana wao, kila mtu aliandikiwa kipande chake, ndiyo maana vijijini karibu kila mahali pana mstari. Palipobaki bila mstari, ama kuna karatasi za kale zimelala kwenye sanduku la mtu, ama kuna sababu watu hawakutaka kuzipeleka. Pale Carrowkeale majirani wote waliokizunguka kile kipande walikuwa wamekiacha nje ya hati zao, na wakili mwenyewe alikuwa hajui kwa nini.

"Pengo kwenye ramani si kwamba pako wazi, bwana Mulqueen," alimwambia. "Ni kwamba hakuna aliyekwenda kwa msajili akasema ni pangu. Ulizia wazee kwanza."

Kisha akaongeza kwamba iwapo ukoo wa Mulqueen umepatumia mahali hapo miaka kumi na miwili na zaidi bila mtu kuwazuia, wanaweza kuomba wapewe hati, mradi jirani mmoja ale kiapo kwamba ndivyo ilivyokuwa. Fintan alitoka ofisini na hilo la mwisho tu. Yale mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Akamwendea Bi Attracta na keki ya zabibu mkononi, maana kule huingii kwa mtu mikono mitupu. Mama huyu alikuwa mjane, mrefu, mwenye viatu vya mpira mwaka mzima, na alikuwa amemjua Fintan tangu anatambaa. Akamchemshia chai, akamuulizia Gráinne, akaulizia na hali ya Manchester kana kwamba Manchester ni mgonjwa. Karatasi ya kiapo aliisoma yote. Alipomaliza alivua miwani.

"Hapo sitii sahihi."

"Kwani ni pako, Bi Attracta?"

"Si pangu."

"Ni pa nani basi?"

"Pale hapaguswi, Fintan. Kaulize nyumbani."

Fintan alitikisa kichwa akatabasamu, kwa sababu alidhani ameshajua. Vibwengo. Watoto wote wa Carrowkeale walikua wakiambiwa wasiingie Pembeni na wasivunje hata kijiti cha ule mti wa miiba, na hakuna mtoto aliyeambiwa sababu, kwa hiyo wote walijipa sababu ileile, kwamba mti ule una wenyewe, wale watu wadogo wa chini ya ardhi. Ni nchi ya ajabu ile. Mtu anasali Jumapili kwa machozi, na Jumatatu anauzunguka mti mmoja wa miiba kwa trekta asije akawaudhi majirani wasioonekana. Fintan alijiona amekwishavuka mambo hayo. Na kuuliza nyumbani hakuuliza. Nyumbani kulikuwa na mama, na Fintan alitaka kumshtukiza mama kwa furaha mambo yakishakamilika.

Ingeishia hapo pengine angesameheka. Lakini Ijumaa dukani, watu wamejaa wanangoja mkate, mmoja akamuulizia nyumba imefikia wapi, na Fintan akapata hadhira.

"Bi Attracta kaninyima sahihi," alisema. "Nadhani vibwengo wake bado hawajaridhia. Nimetafuta namba yao ya hati kwenye mtandao, sijaiona."

Vijana walicheka. Wazee wakapata shughuli ghafla, huyu anahesabu chenji, yule anasoma maandishi kwenye pakiti ya siagi. Ndipo Fintan alipomwona Bi Attracta mwenyewe akitoka nyuma, kwenye friji la maziwa. Alikuwa amesikia kila neno. Aliweka maziwa yake juu ya kaunta, akamtazama Fintan, kisha akawatazama waliocheka.

"Msimlaumu mtoto," alisema. "Mimi na vibwengo wangu tumeshazoea."

Wakacheka tena, na yeye akacheka nao, akatoka. Fintan alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alijiona ameshinda.

Jumamosi ilikuwa siku ya mechi ya kaunti kwa kaunti, Mayo nzima imejifungia mbele ya televisheni, na Bi Attracta alikuwa amekwenda mjini Sligo kushinda kwa dada yake. Fintan aliichagua siku hiyo makusudi, akakodi katapila. Kijana wa katapila alikubali kusafisha mawe lakini mti alikataa kata kata, akasema hata alipwe mara mbili. Basi Fintan akafunga mnyororo kwenye trekta la marehemu baba yake akaung'oa mti mwenyewe, na mizizi yake, akauburuta hadi ukutani. Shimo wakalifukia. Mawe yalikuwa madogo madogo na mengi kuliko alivyotarajia. Mengine yalikuwa yamesimama wima. Yalikuwa yamepangana mistari, mengi meupe, na Fintan akajisemea labda ni msingi wa ukuta wa zamani. Kijana wa katapila alizima injini, akashuka, akayatazama kwa muda.

"Una hakika na hapa, kaka?"

Fintan akatoa simu, akafungua ramani, akamwonyesha ile sehemu nyeupe. "Tazama mwenyewe. Si pa mtu."

Kijana akapanda tena. Kufikia jioni Pembeni palikuwa tambarare, udongo mweusi umelala vizuri, na mawe yote yamekusanywa rundo moja karibu na barabara yakingoja kuwa kifusi cha njia.

Mama yake alikuwa amepika kabichi na nyama ya nguruwe. Fintan alinawa, akaketi, na hakuweza kungoja hata viazi vipoe. Akamweleza. Njia imepatikana, miiba imekwisha, miezi michache tu na hakuna atakayethubutu kumtajia tena nyumba ya wazee. Nonie alikuwa ameshika jagi la maziwa. Alilirudisha mezani.

"Na mawe umeyapeleka wapi?"

Hakuuliza kitu kingine. Fintan akajibu kwamba yako pale pale, rundo moja, yatafaa kwa kifusi. Mama yake akaitikia kwa kichwa, akainuka akishika meza, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake bila kugusa chakula. Fintan alidhani amechoka. Hebu fikiria, alimaliza kula.

Mlango ulipobishwa alikuwa anaosha vyombo. Bi Attracta hakukubali kuingia. Alisimama nje na koti la safari, gari lake linanguruma nyuma yake, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mlichimba?"

"Juu juu tu. Tumekwangua. Bi Attracta, kama ni habari ya vibwengo—"

"Ni watoto," alisema. "Waliokufa kabla ya maji ya ubatizo. Padri alikuwa hawapokei kwenye makaburi ya kanisa. Si wa mbinguni, si wa motoni, basi na ardhi ya kanisa haiwahusu. Baba ndiye aliyekuwa anambeba mtoto alfajiri, peke yake, na kisanduku chini ya kwapa. Mama hakuruhusiwa kwenda. Wangu wako wawili pale. Na mama yako ana mmoja, kabla yako."

Fintan alikuwa bado ameshika kitambaa cha vyombo. Alisema neno ambalo kila mtu wa namna yake husema, kwamba kwa nini hakuambiwa.

"Nilikwambia kaulize nyumbani. Hiyo haikuwa habari yangu nikupe. Mabibi na mababu zetu ndio walioamua pale pasiandikwe kwa jina la mtu, asije mtu akapauza. Na ile jana dukani, nilikuacha useme. Afadhali nionekane mimi mjinga kuliko jambo la Nonie lijadiliwe kwenye kaunta ya mkate."

Akaenda zake. Fintan alibaki mlangoni na aibu ikampanda kutoka miguuni, aibu nzito ambayo hakuwahi kuijua hata alipokuwa mtoto. Alikumbuka kicheko chake dukani, akakumbuka mkono wake ukinyoosha simu. Mama yule alikuwa amejitoa achekwe, akacheka na wachekaji, ili kumsitiri mama wa mtu anayemcheka. Na yeye akapiga mluzi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, kisha akaona aibu hata ya kutamani hivyo, kwa jinsi alivyoifanya ardhi yenyewe.

Alipanda hadi mlangoni kwa mama yake akasimama. Ndani taa ilikuwa inawaka. Aliinua mkono abishe, akaushusha. 

Asubuhi Nonie alishuka amevaa koti la kanisani, lakini hakuelekea kwenye gari. "Nipeleke," alisema. Fintan akampa mkono, lakini yeye akachukua fimbo. Walitembea kandokando ya ukuta wa mawe, mama mbele, mtoto mtu mzima nyuma, na njiani kote Fintan alikuwa anatunga namna ya kuomba radhi, na kila aliyoitunga ilikuwa na neno "sikujua" ndani yake, na kila mara akalikumbuka lile neno la wakili, ulizia wazee kwanza.

Bi Attracta alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, anayashusha mawe kutoka kwenye rundo moja moja, anayafuta kwa kitambaa chake cha kichwani. Wanawake wale wawili walitazamana. Nusu karne na zaidi walikuwa wamekunywa chai pamoja, wameazimana mayai na kuzikiana waume, na jambo hili lilikuwa halijawahi kutamkwa baina yao.

"Malachy aliniambia amemwekea jiwe jeupe," Nonie alisema, akimtaja marehemu mumewe. "Hilo tu. Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa napita hapa kila siku nageuza uso, nikawa nasema iko siku nitaingia nilione."

Fintan alitazama lile rundo. Mawe meupe yalikuwa mengi mno. Kila baba, alfajiri yake, alikuwa ametafuta jiwe jeupe, kwa kuwa ndicho kitu pekee kizuri alichoweza kukipata bila kumwomba padri.

"Mimi nilikuwa namjua alipo," Bi Attracta alisema taratibu. "Wa tatu kutoka kwenye mti, kwa upande wa kwenu. Nilikuwa nikija kwa wangu, na yeye nampitia."

Wote watatu wakageuka kutafuta mti ulikokuwa. Udongo ulikuwa sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta. Fintan mwenyewe, aliyeung'oa kwa mkono wake, hakuweza kusema ni hapa au ni pale.

"Mama," alianza.

"Usiseme kitu hapa," Nonie alimkata. "Wamesumbuliwa vya kutosha."

Akaketi juu ya ukuta mdogo, na Bi Attracta akawa anampa mawe, naye anayapokea mapajani, anayageuza, anayapapasa, anayarudisha. Fintan alipoinama kusaidia, mama yake alimwambia aache. Basi akasimama pale kwenye upenyo wa ukuta, mikono mitupu, mahali palepale alipopanga kuweka geti.

Misa ilikuwa imekwisha. Magari yakaanza kupita, yakapunguza mwendo, na moja likasimama. Halafu la pili. Mke wa mwenye duka akashuka, akampita Fintan kwa "habari za asubuhi" ya kawaida kabisa, akaenda akapiga magoti. Wakaja mzee na mkewe wakishikana. Akaja mwingine aliyekuwa anasoma pakiti ya siagi siku ile. Kila mmoja alimsalimia, wengine wakagusa kofia, na hakuna aliyemuuliza jambo. Afadhali wangemtukana. Walikuwa wanatafuta mawe kwa macho, kila mtu lake, na kwenye rundo hakuna aliyeweza kulitambua lake.

Wa mwisho alikuja kwa baiskeli. Alikuwa Colman Durkan, tarishi wa zamani, aliyewapelekea barua watu wote wa sehemu ile hadi alipostaafu, yeye na marehemu mkewe wanajulikana kote kwamba hawakujaliwa mtoto. Fintan utotoni alimchungulia akiteremka kilima na mfuko wake. Mzee aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akatazama ule uwanda mweusi na watu waliopiga magoti. Macho yake yakajaa. Akamgeukia Fintan akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimesikia ni wewe uliyepasafisha," alisema. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Kila mwaka nilikuwa naahidi kuja kuikata ile miiba, na kila mwaka namwonea haya padri, namwonea haya jirani. Imebidi mtoto wa juzi aje atuondolee aibu hii."

Mkono ulikuwa wa moto na ulikuwa hauachii. Fintan alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi sana kusema asante, mzee. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Angelisema, na nusu ya kijiji ingelipokea, na labda hata hati ingepatikana kwa baraka za wote.

Nyuma yake mama yake alisema, bila kuinua macho kwenye jiwe aliloshika, "Mwambie ukweli, Fintan."

Akamwambia. Alimwambia habari ya njia na ya nyumba, ya ramani isiyo na namba, ya simu aliyomwonyesha kijana wa katapila. Alimwambia alicheka dukani. Alimwambia mawe hakuyakusanya kwa heshima, aliyakusanya kwa kifusi, na kwamba sasa hakuna mtu anayejua jiwe lipi lilikuwa wapi. Alisema yote kwa sauti ambayo watu waliopiga magoti waliweza kuisikia, kwa sababu alifikiri akiishusha atakuwa amejificha tena.

Colman Durkan alimsikiliza hadi mwisho. Hakuutoa mkono wake kwa hasira, aliuondoa tu, kidole baada ya kidole, akavaa kofia yake.

"Jiwe la wangu lilikuwa limelala kwenye ukuta wa nyuma," alisema. "Alikuwa wa kike. Nilimweka mbali na wengine ili nisije nikampoteza. Huko nyuma pia mlifika?"

"Tulifika," Fintan alisema.